Jinsi ya kutengeneza shanga za haidrojeli zinazoitikia sumaku, chumvi na tindikali

Ukimaliza kazi hii utakuwa na gilasi ya maji yenye shanga nyeusi, laini, zinazoteleza vidoleni kama mbegu za papai. Ukisogeza sumaku ubavuni mwa gilasi, zinainuka kutoka chini na kupanda ukutani zikifuata mkono wako. Ukizihamishia kwenye maji ya chumvi, baada ya saa kadhaa zinavimba na kulegea. Kwenye siki zinanywea. Na kwenye maji yenye sodiamu sitreti zinayeyuka kabisa, zikiacha wino mweusi ambao bado unaifuata sumaku.

Hiyo ndiyo haidrojeli ya mseto kwa umbo lake rahisi kuliko yote. Haidrojeli ni wavu wa minyororo mirefu ya polima uliokamata maji mengi bila kuyaachia. Unaijua tayari: ule unga mweupe ulio ndani ya pampasi, ukiloa unageuka ute mzito usiochuruzika, ni haidrojeli. Katika shanga zetu, maji ni zaidi ya asilimia 97 ya uzito. Wavu wenyewe ni alginati, polima laini itokanayo na mwani wa kahawia. Neno mseto linatoka kwenye kile tunachokipanda ndani ya wavu: nanochembe za magnetaiti, oksaidi nyeusi ya chuma, kila moja ikiwa na upana wa takriban nanomita 10. Nanomita 1 ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja.

Mimi ni fundi wa maabara. Kazi hii nimeifanya na wanafunzi mara nyingi, na nimeiharibu mara nyingi vilevile. Karibu kila mara ilipoharibika, chanzo kilikuwa kimoja: kuosha kwa haraka. Watu hudhani ugumu uko kwenye kutengeneza nanochembe. Hapana. Nanochembe za magnetaiti zinazaliwa kwa dakika chache. Shughuli ni kuzisafisha na kuzizuia zisigandane kabla hazijaingia kwenye wavu, na ndiyo maana sehemu hiyo nitaikalia kuliko nyingine.

Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi vinatosha kundi moja la shanga nyeusi na jingine la shanga zisizo na magnetaiti, za kulinganishia.

- Alginati ya sodiamu, gramu 2.5
- Kloraidi ya chuma (III) yenye maji sita, gramu 2.7
- Salfeti ya chuma (II) yenye maji saba, gramu 1.5
- Kostiki soda, gramu 2.4
- Kloraidi ya kalsiamu yenye maji mawili, gramu 3
- Chumvi ya mezani, siki nyeupe na sodiamu sitreti kwa ajili ya majaribio
- Maji yaliyokenekwa (distilled water), lita 3
- Bika za kioo, fimbo ya kioo, sirinji za mililita 10, karatasi za kupimia pH (kiwango cha tindikali), mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu
- Sumaku yenye nguvu
- Miwani ya kukinga macho na glavu

Maneno "yenye maji sita" usiyapite. Fuwele za chumvi hizi hubeba maji ndani yake na uzito wake huhesabiwa pamoja nayo. Kama chupa yako inasema haina maji, punguza: kloraidi ya chuma (III) kavu ni gramu 1.6, na kloraidi ya kalsiamu kavu ni gramu 2.3.

Salfeti ya chuma (II) itazame kwa macho kabla ya kuipima. Fuwele nzima zina rangi ya kijani hafifu. Zikiwa zimevaa koti la njano au la kahawia, zimekula hewa, na sehemu ya chuma (II), yaani chuma chenye chaji mbili, imeshakuwa chuma (III), chenye chaji tatu. Chukua chupa nyingine.

Alginati inauzwa na wanaouza viungo vya viwanda vya vyakula, na wauza kemikali za maabara wanaagiza. Usinunue alginati ya madaktari wa meno, ile ya kuchukulia chapa ya meno. Mimi niliwahi kufurahia bei yake, nikaikoroga, na baada ya dakika tatu kijiko kilikuwa kimesimama wima ndani ya bika. Unga ule umeshachanganywa na salfeti ya kalsiamu ili ugande wenyewe mdomoni mwa mgonjwa. Kwetu haufai.

Na kwa walio Pwani na Visiwani, maana swali hili huulizwa kila mara: mwani unaolimwa Paje na Jambiani, ule ambao watu wa Zanzibar walianza kuulima kibiashara mwaka 1989, hautoi alginati. Ni mwani mwekundu, spinosamu na kotoni, na zao lake ni karajinani. Karajinani nayo inatengeneza haidrojeli nzuri, ila tabia zake ni nyingine: ile ya kotoni inayeyushwa kwa moto na kugandishwa kwa ubaridi pamoja na potasiamu. Ukishaimudu kazi hii ya alginati unaweza kuijaribu.

Maji ya bomba au ya kisima usiyatumie kwenye alginati wala kwenye kuosha. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yamejaa kalsiamu. Kalsiamu hiyo itaanza kugandisha alginati kabla hujawa tayari. Ukienda kununua maji yaliyokenekwa kwa wauza betri za magari, soma chupa mara mbili. Kwa mafundi wengi "maji ya betri" ni vitu viwili: maji safi ya kuongezea, na tindikali ya salfa. Hiyo ya pili itakuunguza.

Sumaku ya duara iliyotoka kwenye spika kubwa inafanya kazi, na mafundi redio wanazo. Zilizo ndani ya diski ngumu (hard disk) za kompyuta zilizokufa ni ndogo lakini zina nguvu zaidi, na zinapunguza muda wa kuosha.

Hatua ya kwanza: loweka alginati usiku mmoja kabla

Pima mililita 100 za maji yaliyokenekwa kwenye bika. Koroga mpaka maji yafanye kizunguzungu katikati, kisha nyunyiza gramu 2.5 za alginati kidogo kidogo, kwa ncha za vidole au kwa chujio la chai. Ukiumwaga wote kwa pamoja utapata madonge, nje ute na ndani unga mkavu, kama uji uliopikwa na mtu mwenye haraka. Madonge hayo hayavunjiki kwa kukorogwa.

Funika, acha hadi asubuhi. Utakuta majimaji mazito yanayong'aa, rangi ya asali hafifu, na mapovu yote yamepanda juu. Mapovu yakibaki ndani, shanga zitaelea.

Hatua ya pili: zalisha nanochembe

Vaa miwani na glavu. Kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Fanyia kazi kwenye kioo, kamwe si kwenye sufuria ya alumini, maana kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Kloraidi ya chuma (III) nayo ikidondokea shati huacha doa la kutu lisilotoka.

Chemsha mililita 150 hivi za maji yaliyokenekwa kwa dakika kumi ili oksijeni iliyoyeyuka ndani itoke, kisha yafunike yapoe. Yeyusha gramu 2.4 za kostiki kwenye mililita 60 za maji hayo. Tia kostiki kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki. Yatapata moto yenyewe. Yaache yapoe kidogo.

Kwenye bika nyingine, yeyusha chumvi zote mbili za chuma katika mililita 50 za maji hayohayo yakiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70. Anza na chuma (III), na chuma (II) iwe ya mwisho, papo kwa papo kabla ya kuendelea, kwa sababu inaharibika ikikaa. Kimahesabu magnetaiti inahitaji chuma (III) mara mbili ya chuma (II), na kipimo kamili cha salfeti kingekuwa gramu 1.39. Nimekwambia 1.5 kwa kuwa tunafanyia kazi hewani, na hewa itajichukulia sehemu yake.

Sasa mimina maji ya kostiki ndani ya maji ya chuma kwa mchirizi mwembamba huku ukikoroga kwa nguvu. Hapa ndipo pa kutazama. Tone la kwanza hutoa wingu la rangi ya kahawia na kutoweka. Wingu linarudi, linakaa, linakuwa kama tope la matofali. Halafu, katikati ya mmimino, pasipo onyo, bika nzima inageuka nyeusi kama kahawa iliyochemka. Endelea mpaka pH ifike 11, koroga dakika kumi zaidi, acha ipoe. Utakuwa na zaidi kidogo ya gramu 1 ya magnetaiti.

Ikibaki kahawia, ama kostiki haikutosha, ama chuma (II) ilikuwa imeshaharibika. Ikiwa ya kijanikijani, chuma (II) imezidi. Kwa kosa la kostiki, ongeza. Kwa mengine, anza upya. Usipoteze mchana mzima ukiitengeneza.

Na usikorogee kwa mashine ya kukorogea ya sumaku! Naandika hivi kwa aibu kidogo. Siku yangu ya kwanza niliwasha mashine nzuri ya maabara, nikaenda kunywa chai, nikarudi kukuta maji meupe na kijiti cha kukorogea kimevaa manyoya meusi. Magnetaiti yote ilikuwa imekikumbatia, na sikuweza kuibandua tena. Fimbo ya kioo na mkono wako vinatosha.

Hatua ya tatu: osha, osha tena

Weka bika juu ya sumaku. Baada ya dakika chache weusi wote utakuwa umelala chini na maji ya juu yameng'aa. Ukiwa umeishikilia sumaku pale chini, yamimine maji hayo kwenye chombo cha taka. Ondoa sumaku, tia mililita 100 za maji mapya yaliyokenekwa, koroga mpaka weusi utawanyike wote, rudisha kwenye sumaku. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya angalau mitano, na usiache mpaka maji ya juu yasome pH 7 au 8.

Kwa nini nisisitize? Kwa sababu kila uchafu unaobaki humu unakuja kudai haki yake kwenye alginati. Kostiki iliyobaki itakutana na kalsiamu na kutoa ukungu wa chokaa. Salfeti iliyotoka kwenye chumvi ya chuma (II) itakutana na kalsiamu hiyohiyo na kutoa jasi, chembe nyeupe zinazoufanya ushanga uwe na mikwaruzo. Na kama kostiki haikutosha hatua iliyopita, ioni (chembe zenye chaji) za chuma (III) zilizobaki huru zitaigandisha alginati zenyewe, maana chuma (III) hushika minyororo hiyo kwa nguvu kupita hata kalsiamu. Mwanafunzi anakuja kulalamika kwamba alginati "imekata" kama maziwa. Haikukata. Imegandishwa na chuma ambacho hakikuoshwa.

Kuna jambo jingine. Nanochembe hizi zinapendana mno. Zikiachwa zikauke zinashikana kuwa mchanga mweusi, na mchanga huo hata ukiusaga haurudi kuwa nanochembe. Kwa hiyo magnetaiti yako isikauke hata mara moja, tangu hapa hadi mwisho. Kuna faida ya pili ya kuiweka ikiwa imeloa: unga mkavu wa ukubwa huo unapeperuka, na hutaki uingie mapafuni mwako.

Ukimaliza kuosha, ongeza maji mpaka jumla iwe mililita 50. Kama unaweza kupata ile mashine ndogo ya mitetemo wanayooshea miwani na vito, weka chupa yako humo kwa dakika kumi. Tofauti inaonekana kwa macho: kabla, ukitikisa unaona mavumbi yakishuka; baada, unaona wino.

Wapo watakaokushauri uzivishe nanochembe sitreti ili zisishikane. Ni ushauri mzuri kwa kazi nyingine, maana sitreti huzipa chaji na zikasukumana. Kwa alginati una mtego wake: sitreti inayobaki majini hunyakua kalsiamu, na shanga zako hazitaganda vizuri. Ukiitumia, osha tena mizunguko mingine mitatu. Mimi siku hizi siitumii. Uzito wa alginati wenyewe unazizuia nanochembe zisizame upesi.

Hatua ya nne: changanya

Tikisa chupa ya magnetaiti, na kabla haijatulia vuta mililita 10. Zitie kwenye mililita 40 za alginati na ukoroge taratibu kwa fimbo, ukizungusha bila kupiga mapovu, kwa dakika tano au zaidi. Sasa una alginati asilimia 2 na magnetaiti karibu nusu ya asilimia moja. Kwa kundi la kulinganishia, chukua mililita nyingine 40 za alginati na uongeze mililita 10 za maji matupu.

Pima uchanganyaji wako hivi: paka tone juu ya kipande cha kioo, kiinue kuelekea dirishani. Unataka kuona kivuli kimoja cha kijivu. Ukiona madoadoa, koroga tena.

Hatua ya tano: dondosha

Yeyusha gramu 3 za kloraidi ya kalsiamu kwenye mililita 200 za maji, gawa kwenye bakuli mbili. Vuta mchanganyiko mweusi kwenye sirinji isiyo na sindano, ishike wima sentimita 10 hadi 15 juu ya maji, na usukume polepole, tone baada ya tone. Kila tone linapoingia linafunikwa na ngozi papo hapo. Mililita 10 zinatoa shanga kama 200, kila moja milimita 4 hadi 5. Ukitaka ndogo zaidi funga sindano, kisha uondoe sindano hiyo na kuitupa salama ukishamaliza.

Mkono una somo lake hapa. Ukishika sirinji karibu mno na maji, ushanga unaota mkia kama kiluwiluwi. Ukiishika juu mno, tone linapiga maji na kuwa bapa kama dengu. Ukisukuma kwa nguvu unapata tambi. Tambi nazo si hasara, watoto huzipenda kuliko shanga, lakini huwezi kuzihesabu.

Ziache kwenye kalsiamu kwa dakika 30, au saa mbili ukitaka zikaze hadi kiini. Kata moja kwa wembe: iliyokomaa ni nzima mpaka katikati, changa inatoa majimaji. Kisha zisuuze mara mbili kwa maji yaliyokenekwa ili kuondoa kalsiamu iliyobaki nje.

Ndani ya ngozi ile kimetokea hivi. Minyororo ya alginati ina chaji hasi. Minyororo miwili inapolala sambamba, inaacha vishimo katikati yake, na ioni za kalsiamu zenye chaji chanya mbili zinakaa kwenye vishimo hivyo kama mayai kwenye trei. Kila yai linashika minyororo yote miwili. Sodiamu iliyokuwepo mwanzo ina chaji moja tu, haiwezi kushika pande mbili, ndiyo maana alginati ya sodiamu ni ute na alginati ya kalsiamu ni mnofu. Nanochembe hazikufungwa na kitu chochote cha kikemia. Zimebanwa tu ndani ya wavu.

Hatua ya sita: uliza, nazo zitaitika

Anza na sumaku. Weka ushanga mmoja mweusi na mmoja usio na magnetaiti kwenye sahani yenye maji kidogo, na rula chini ya sahani. Sogeza sumaku polepole kutoka mbali na uandike umbali ambapo ushanga mweusi unaanza kutembea. Mwenzake hautasogea. Kwa mililita 20 za alginati zilizobaki tengeneza kundi dogo lenye mililita 2.5 tu za magnetaiti na 2.5 za maji, urudie: sumaku italazimika kuja karibu zaidi.

Ondoa sumaku na uangalie shanga zenyewe kwa zenyewe. Hazishikani. Vipande vya chuma vya kawaida vingebaki na usumaku kidogo na kung'ang'aniana. Magnetaiti ikiwa ndogo kiasi cha nanomita 10 hubadili mwelekeo wa usumaku wake upesi mno, hivi kwamba sumaku ya nje ikiondoka hakuna kumbukumbu inayobaki. Tabia hii ndiyo inayozifanya zitamanike kwenye tiba na kwenye usafishaji wa maji: unaziita, zinakuja, unaziachia, zinatawanyika.

Kisha uvimbaji. Hesabu shanga 20, zifute maji ya nje kwa kuzigusisha karatasi ya tishu, usizikamue, upime uzito. Zitumbukize kwenye mililita 100 za maji yenye gramu 0.9 za chumvi. Zipime kila saa. Asilimia ya uvimbaji ni uzito mpya ukitoa wa mwanzo, ugawanye kwa wa mwanzo, uzidishe kwa 100. Mfano: shanga zilizokuwa gramu 1.00 zikafika gramu 1.60, zimevimba kwa asilimia 60. Sodiamu iliyo kwenye chumvi inakuja kwa wingi na kuyang'oa mayai kwenye trei moja moja. Vifungo vinapungua, wavu unalegea, maji yanaingia.

Shanga nyingine 20 zitie kwenye siki kwa nusu saa. Hizi zitapungua uzito. Tindikali inazipa chaji hasi za alginati haidrojeni za kushikana nazo, minyororo inaacha kusukumana, inasogeleana, na maji yanakamuliwa nje. Weka matokeo haya mawili pamoja na utaelewa kwa nini watengeneza dawa wanaipenda alginati: tumboni kwenye tindikali inajikunja na kuitunza dawa, na ikifika kwenye utumbo, ambako hakuna tindikali ile na sodiamu ni nyingi, inavimba na kuiachia. Usiziache sikini usiku kucha lakini, kwa kuwa siki inaanza kuila magnetaiti.

Mwisho sitreti. Yeyusha gramu 3 kwenye mililita 100 za maji na uweke shanga tano. Sitreti haing'oi kalsiamu kwa msongamano kama chumvi, inaikumbatia na kuondoka nayo. Ukingo wa shanga unapoteza ukali, unakuwa na ukungu, kisha bika inajaa moshi mweusi unaopanda polepole. Weka sumaku ubavuni na moshi wote unavutwa upande mmoja.

Kama maabara yako ina methilini bluu, ile rangi ya kutazamia vijidudu kwenye hadubini, tia matone machache kwenye bika mbili za maji mpaka yawe samawati hafifu. Moja itie shanga, nyingine iache. Rangi hiyo ina chaji chanya, alginati ina hasi, na baada ya saa chache maji ya shanga yatakuwa yamefifia. Kisha zikusanye zote kwa sumaku kwa mkupuo mmoja, bila chujio. Kwenye bakuli la majaribio inapendeza; usije ukayanywa maji hayo ukidhani yamesafishwa.

Utasoma kwingine kuhusu haidrojeli za aina hii zilizo kali zaidi. Iko polima iitwayo PNIPAM ambayo hunywea ghafla joto likizidi nyuzi 32 hivi. Ikipandwa vijiti vya nano vya dhahabu, mwanga unavipasha moto na jeli inajikunja kwa kumulikwa tu. Mwaka 2002 Kazutoshi Haraguchi wa Japani na wenzake walitumia chembe nyembamba za udongo kuishikanisha polima hiyohiyo, wakapata jeli inayovutika sana pasipo kukatika. Sikushauri uanzie huko. Kutengeneza polima hizo kunahitaji kufukuza oksijeni kwa naitrojeni, na baadhi ya malighafi za jamii hiyo, akrilamaidi kwa mfano, zina sumu ya mishipa ya fahamu. Vifaa duni pekee visikutie woga, lakini: Otto Wichterle, Mcheki aliyeleta lenzi laini za macho za haidrojeli, mashine yake ya kwanza ya kuzifinyangia aliiunda nyumbani mwishoni mwa mwaka 1961 kwa vyuma vya mchezo wa watoto wa kuunganisha.

Kuhifadhi na kutupa

Shanga zitie kwenye chupa yenye mfuniko, katika maji yenye kloraidi ya kalsiamu kidogo, robo ya nguvu uliyotumia kugandishia. Kwenye maji matupu zitakaa siku kadhaa na kuanza kulegea. Friji inasaidia zisiote ukungu, ila isiwe friji ya chakula. Usiziache zikauke ukitegemea kuziloweka: zitakuwa punje ngumu za kama milimita moja na nusu, na ukizirudishia maji zitavimba kidogo tu, hazitarudi zilivyokuwa.

Maji ya kwanza ya kuoshea yana kostiki. Yachanganye na siki mpaka pH iwe karibu na 7 kabla ya kuyamwaga. Magnetaiti iliyobaki ivute yote kwa sumaku, ihifadhi kwenye chupa ikiwa na maji, utaitumia tena.

Chupa ibandike karatasi yenye tarehe, kilichomo, na kwa herufi kubwa: SI CHAKULA. Nilisema zinafanana na mbegu za papai. Mtoto wa jirani aliyenitembelea kazini aliniuliza zinauzwa bei gani, na mkono wake ulikuwa umeshafungua mfuniko.